Bandsta wa Kitengela

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Julai, kabla ya chai ya saa nne, Tata Wangui alifariki katika chumba chake cha nyuma hapa Kitengela. Mimi nilimpoteza mtu aliyenifundisha kazi, na mji huu ulimpoteza mtu wa mwisho aliyekuwa akiitwa bandsta na kuitika. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Tata ni shangazi kwa Kikuyu, na mimi ni Mmaasai wa Rombo, kule chini karibu na mpaka wa Tanzania. Lakini mwaka ule nilipofika hapa nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, wanawake wote wa shamba la nyasi walimwita Tata, nami nikamwita hivyo, na sikuacha hadi asubuhi ile nilipomfumba macho.

Wiki iliyofuata tulikaa sebuleni kwa binti yake kupanga mazishi. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa hadi mlangoni. Nje wanawake wa kanisa walikuwa wakimenya viazi vya waru na kubishana kama mchele utatosha, na ndani Njoki, mjukuu wa Tata anayefundisha shule huko Nkoroi, alikuwa na kompyuta mapajani akiandika wasifu wa marehemu. Alipofika mahali pa kazi akasimama. "Niandike alikuwa nani? Mkulima?" Mama yake akasema, "Mkulima wa wapi, na hakuwa na shamba? Andika mfanyabiashara wa nyasi." Ni kweli, miaka yake ya mwisho Tata aliuza nyasi kando ya barabara ya Namanga. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini siku hiyo nilisema. "Andika bandsta." Njoki akaniangalia. "Bandsta, Koko?" akasema, maana huniita bibi kwa Kimaasai. "Kama gangsta?" Wanawake walicheka mpaka aliyekuwa akipita na sinia la vikombe akaliweka chini kwanza. Mimi pia nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikaanza kuwaeleza. Nilivyowaeleza ndivyo ninavyoandika hapa, ila hapa hakuna anayenikata maneno.

Mwaka ule niliofika Kitengela ulikuwa wa ukame. Mvua za masika zilianza vizuri, zikadanganya watu wiki chache, zikakatika. Nje ya ua ardhi ilikuwa nyekundu na tupu, lakini ndani ya shamba alilofanyia kazi Tata nyasi zilikuwa zimepumzishwa na kuachwa zirefuke, na upepo ulipopita zililala na kuinuka zote pamoja. Leo pale pamejengwa maghorofa ya kupangisha na duka la vifaa vya ujenzi, na nikipita huwa siwezi hata kuonyesha kwa kidole ua ulikuwa wapi. Mwenye shamba alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee tu, mtu wa kutoka Murang'a, mwenye pikapu ya bluu na kikohozi kilichotangulia kufika kabla yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kupoteza, na mwaka ule kila mtu alikuwa nayo.

Kazi ilikwenda hivi. Wanaume walitangulia kwa mstari wakifyeka kwa slasha. Nyasi zikilala juani na kukauka, wanawake tulifuata nyuma, tukikusanya na kufunga miganda. Siku hizo hatukupewa kamba ya dukani. Kamba ilitoka kwenye nyasi zenyewe. Tata alichukua konzi ya nyasi ndefu, akaigawa mara mbili, akakutanisha vichwa kwa vichwa, akasokota mara moja kwa kifundo cha mkono, na tayari alikuwa na kamba ndefu kuliko mikono yake. Aliilaza chini, akapanga nyasi juu yake, akapiga goti kwenye mganda, akavuta ncha mbili, akazisokota na kuzipachika chini ya kamba yenyewe. Hakufunga fundo. "Fundo ni la mtu ambaye haamini mikono yake," aliniambia siku ya kwanza, miganda yangu yote ilipofumuka tukiibeba. Hakuniambia kwa ukali. Aliichukua mmoja mmoja akaifunga upya, na mimi nikamtazama. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya mstari wa wafungaji, na sisi wengine tulikwenda kwa mwendo wake. Nyuma yake hakukubaki unyasi. Ungeweza kupepeta ngano pale alipopita.

Nililala kwake mwaka mzima. Chumba kilikuwa cha mabati, na ndani alikuwa amebandika makaratasi ya maboksi ya sabuni kuzuia baridi, kwa hiyo nilikuwa nikiamka naona sabuni, sabuni, sabuni, hadi kwenye dari. Kulikuwa na kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne, jiko la makaa, na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iliyochemshwa Jumapili na kukaangwa upya kila jioni, na kila jioni ikiwa tamu zaidi kwa sababu aliiongezea kitu kimoja tu: siku nyingine kitunguu, siku nyingine mboga ya terere. Mimi nilikuwa nimezoea maziwa. Mwaka ule hayakuwepo, na aliponiona nikiangalia chai ya rangi alisema, "Kunywa, kairitu," yaani msichana, "ng'ombe wako wamekwenda safari, watarudi." Upande wa pili wa bati alikaa Mutiso, mkataji wetu mkuu, na mke wake, na tulisikia kila kitu walichosema kama tuko meza moja. Jioni moja tulimsikia akimwambia mkewe, "Yule Bandsta akitoka mbele, hiyo line itakuwa kama watu wa harusi mbili wamekutana kwa lango moja." Tata alitabasamu akikoroga githeri. Kisha akagonga bati kwa mwiko. "Mutiso, ongeza sauti, sifa hazijanifikia vizuri!" Mke wake akaangua kicheko.

Jioni hiyo ndipo nilipomuuliza jina lile lilitoka wapi. Aliniambia mama yake alifunga ngano katika shamba la Mzungu huko juu, kabla ya Uhuru, yeye akiwa mtoto wa kubebea wafungaji maji. Mzungu huyo alikuwa na mama mzee aliyeletwa kutoka kaskazini ya Uingereza, aliyekaa kwenye kiti pembeni ya shamba na kofia kubwa, akiangalia mavuno. Mama huyo mzee, kama wengine wao, aliwaita wanaume wenye mvi "boi". Tata hakulificha hilo wala hakulipaka sukari. Lakini wale waliofunga miganda nyuma ya wakataji aliwaita bandster, na alilitamka, Tata alisema, kama mtu anavyotamka daktari. Siku moja alinyanyuka kwenye kiti, akaja hadi kwa mama yake Tata, akageuza mganda, akaitazama ile kamba iliyopachikwa bila fundo, akasema kwao walikuwa wakifunga hivyo hivyo. Mama yake Tata akabaki na neno hilo. Shamba halikuwa lake, ngano haikuwa yake, neno likawa lake. Alipozeeka akampa binti yake, na binti akateremka nalo hadi Kitengela, ambako sisi tulilipunguza kidogo mdomoni likawa bandsta.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Njoki alikuwa ameshatoa simu. Alisoma kimya, kisha akatufasiria. Neno lipo kweli, alisema, na ni la zamani, la kaskazini ya Uingereza na Uskoti. Mwanzo wake ni neno la kitu cha kufungia, ukanda au kamba. Mwisho wake, hilo "-ster", ni mkia ambao Waingereza wa kale waliweka kwenye kazi za wanawake: mwanamke wa kusokota nyuzi, mwanamke wa kufuma, mwanamke wa kupika pombe. Baadaye mkia huo ukasahau kuwa ni wa wanawake, na huko kwao mara nyingi waliokuja kufunga nyuma ya wakataji walikuwa wanaume, tena wazee. "Na siku hizi hawalitumii," Njoki akasema. "Mashine ndiyo inafunga. Wengi wao hata hawalijui." Mimi shule yangu iliishia darasa la sita na siwezi kubishana na simu. Lakini niliwaza kwamba wakati neno hilo linasahauliwa kwao, hapa lilikuwa likiamka kila asubuhi, linakunywa chai ya rangi na kwenda kazini. Na huku kwetu lilikuwa limerudi kwa wanawake bila mtu yeyote kuliambia.

Jioni nyingine ya mwaka ule aliniuliza sisi Wamaasai tunafanya nini na nyasi, kwa kuwa alikuwa ameniona nikikanyaga kwa uangalifu kama niko kanisani. Nikamwambia kwetu nyasi ni kitu cha heshima kwa sababu ng'ombe wanaishi kwazo. Nikamwambia tulipokuwa wadogo, yeyo, mama yetu, akichukua fimbo kutuchapa, tulikimbia tukang'oa nyasi tukaziinua mkononi, na ukishika nyasi hivyo umeomba amani, na fimbo inashuka. Alicheka mpaka akamwaga chai. "Na wewe ulikuwa unatembea na nyasi mfukoni, nakuona!" Nilidhani amelisahau.

Asubuhi moja, kama saa tatu, tulikuta ua wa miiba umebomolewa upande wa korongo na ng'ombe wameanza kuingia. Walikuwa wa vijana wa Kimaasai waliokuwa wakihama kutoka upande wa Namanga wakitafuta malisho. Sijawahi kuona ng'ombe wamekonda vile wakiwa bado wamesimama. Nyonga zilikuwa kama vigingi vya hema, na ndama mmoja aliegemea mama yake ili asianguke. Nyasi za upande ule zilikuwa zimeshakatwa na kukauka, zimelala zikingoja kufungwa. Mzee alifika na pikapu, akaona, akapiga kelele kwamba anakwenda kuleta polisi na kwamba akirudi akute kila mganda wake, kisha akaondoka kwa vumbi. Wakataji wakajipanga na slasha zao. Vijana wakajipanga na rungu na sime. Mimi nilisimama katikati ya watu wangu wa pande mbili, wa kuzaliwa na wa kazi, na nikajua kitu kimoja tu: mtu mmoja akirusha mkono, kabla ya polisi kufika kutakuwa na maiti.

Tata aliniuliza bila kugeuka, "Yule wa mbele anaitwa nani?" Nikawaamkia kwa Maa, lugha yetu, na kijana mrefu wa mbele akaitika kwa mdomo mgumu, akasema yeye ni Lemayian na hana haja ya salamu, ana haja ya nyasi. Tata akainama, akachukua konzi ya nyasi pale miguuni pake, akaiinua juu ya kichwa kwa mkono ulionyooka kabisa, akaanza kutembea kuwaendea. Alikuwa mfupi, na sketi yake ilikuwa imejaa makapi. Mutiso alimwita, "Tata, rudi! Tata!" Hakurudi. Alisimama mbele ya Lemayian na mkono ukiwa bado juu.

Lemayian aliitazama ile konzi kwa muda mrefu. "Mama," akasema kwa Maa, nami nikitafsiri huku na huku, "hiyo imekauka."

"Niko na hii tu."

"Nyasi ya amani huwa mbichi. Hiyo ni chakula."

"Mbichi nitatoa wapi?" Tata akamjibu. "Kwani ng'ombe zako hazijamaliza zote?"

Mmoja wa vijana akacheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Nyuma yetu Mutiso akasema kwa sauti, "Tata umewapelekea ugali kabla ya kuwasalimia!" Nikatafsiri hilo pia, sijui kwa nini, na wakacheka wote, na Lemayian mwenyewe akafunika mdomo kwa shuka. Na katika kicheko hicho ng'ombe mmoja alinyoosha shingo, akaichukua ile konzi mkononi mwa Tata, akaila. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuinua rungu tena hata kama angetaka.

Wakakubaliana hapo hapo, nami nikiwa mdomo wa pande zote mbili. Iliyofungwa ni ya Mzee. Iliyolala bila kufungwa, jua likifika utosini, ni ya ng'ombe. Wao warudi nyuma ya ua wangoje, na wakataji waweke slasha chini. "Kamba yangu ndiyo mpaka," Tata alisema. "Na mimi nafunga kama navyofunga siku zote. Sitaharakisha na sitachelewa." Lemayian akauliza kama mama huyu ni mtu wa maneno mawili. Nikasema sijamsikia akisema la pili.

Basi tulifunga. Nimefanya kazi nyingi tangu siku hiyo, na sijawahi kuona mwendo kama ule. Nyuma ya ua ng'ombe walikuwa wakilia, na yeye alisokota, akalaza, akapiga goti, akapachika, kwa mwendo ule ule wa jana. Nilimsihi kwa Kiswahili cha chini kwa chini, "Tata, acha kidogo, wanakufa." Akaniambia, "Nikiacha nimemwibia Mzee. Nikikimbia nimewaibia hawa. Funga." Jua lilipofika utosini alikuwa na kamba mkononi tayari imesokotwa, na mganda mbele yake nusu umepangwa. Alisimama. Akaifumua kamba ile, akaitawanya juu ya nyasi zilizolala, akajipangusa sketi. Mbele yake kulikuwa na ukanda mpana wa nyasi nzuri mpaka kwenye korongo. Yeye ambaye hakuacha unyasi nyuma yake aligeuka, akawapungia mkono waingie.

Mzee alirudi na askari mmoja ng'ombe wakiwa wanakula. Tata hakungoja aulizwe. Alimwendea mlangoni mwa gari akamwambia ameahidi nini, amefunga kiasi gani na ameacha wapi. "Ni mimi nimegawa. Usiulize mtu mwingine." Mzee akakohoa hadi machozi yakamtoka. "Wangui, nani alikupa shamba langu ugawe?" Akasema, "Hakuna." Askari akauliza kama kuna mtu ameumizwa. Hakuna. Kuna mganda umeibwa? Mutiso akasema hata mmoja. Askari akaomba maji ya kunywa, akapewa, akarudi kwenye pikapu akafunga mlango.

Kesho yake Mzee alimweka mwanamke mwingine mbele, na Tata akapelekwa mkiani, kuparura mabaki. Nilingoja aseme kitu. Jioni alikaanga githeri, akaongeza kitunguu, akaniuliza kama chumvi imetosha. Msimu wote uliobaki alifunga kutoka mkiani, na nilichokiona ni kwamba wale walio mbele walikuwa wakigeuza shingo kila mara kuangalia yeye yuko wapi, na mwendo wa mstari ukabaki wake. Mzee naye aliliona, maana alikuwa na macho. Msimu uliofuata alituma mtu kumwita arudi mbele. Alimsamehe ama alihitaji kazi ifanyike, sijui. Tata hakuuliza, akaenda. Mimi nilikuwa nimesharudi Rombo, nikiwa na mikono iliyojua kitu.

Miaka iliyofuata nilimwona mara nyingi, na niliporudi kuishi hapa tukawa majirani. Nimekutana na watu waliosoma sana na watu wenye mali. Bado nikitaka kujua kama nimefanya jambo sawasawa, huwa najiuliza kama ningeweza kumwendea Mzee mlangoni mwa gari na kulisema lote kabla sijaulizwa. Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini yeye aliweza, nami nililiona kwa macho yangu, kwa hiyo najua linawezekana.

Njoki aliliandika. Siku ya mazishi alisoma wasifu mwenyewe, na alipofika mahali pale akasema, "Kazi yake ilikuwa bandsta, yule anayefunga mavuno nyuma ya wakataji," na Mutiso, ambaye sasa anatembea kwa fimbo mbili, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Bandsta!" kama alivyokuwa akimwita shambani. Tulikuwa makaburini, Pasta ameshamaliza, vijana wameshika sepetu, wakati mzee mmoja mrefu mwenye shuka alipotoka nyuma ya umati. Nilikuwa nimempigia simu Namanga lakini sikujua kama angepata njia ya kuja. Nilimsalimu kwa Maa akaitika. Mkononi alikuwa na konzi ya nyasi, mbichi, maji yakidondoka. Mwezi wa Agosti, hapa, kila kitu kikiwa vumbi. Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Pale kwa carwash ya barabarani, maji yanapomwagika," akasema. "Vijana walidhani nimeshikwa na wazimu."

Aliinama ukingoni kwa shida, akaziachilia juu ya jeneza. "Mama," Lemayian akasema kwa Kiswahili, ili watu wake Tata wasikie, "leo ni mbichi."

Kisha akasogea kando, na vijana wakaanza kufukia.